Jino la simba, glavu ya mbweha: Yaliyofichika katika majina ya mimea ya Waingereza

MFASIRI yeyote atakayekutana na neno la Kiingereza 'cowslip' kwa mara ya kwanza atashawishika kulikata mahali pasipofaa. Ataona ng'ombe upande mmoja na mdomo upande wa pili, aandike "mdomo wa ng'ombe", kisha aende zake akidhani kazi imekwisha.

Atakuwa amepotoka. Neno hilo halihusiani na mdomo hata kidogo. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa 'cuslyppe', ambapo sehemu ya kwanza ni ng'ombe na ya pili ni utelezi au kinyesi. Ua hilo dogo la manjano, linalochanua katika malisho ya Uingereza miezi ya Aprili na Mei, lilipewa jina na watu waliolikuta pale ng'ombe walipopita na kuacha samadi.

Ndugu yake, 'oxlip', alipata jina kwa njia hiyo hiyo, ila yeye alihusishwa na fahali. Shakespeare aliyataja maua yote mawili katika tamthilia yake A Midsummer Night's Dream. Aghalabu wanafunzi huyasoma majina hayo kama mapambo ya kishairi, wala hawajui kwamba ndani yake mna harufu ya zizi.

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu kwa sababu Kiingereza ni lugha ya shule na ofisi zetu, na watoto wetu huyakariri majina haya kutoka vitabuni bila kuelezwa yametoka wapi. Isitoshe, Kiswahili nacho kina pilipili mbuzi na ndizi mkono wa tembo. Mazoea ya kumkopa mnyama ili kuutaja mmea si ya taifa moja.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mnyama hakuwekwa katika jina kwa ajili ya urembo. Alikuwa maelezo mafupi. Mtu asiyejua kusoma, asiyekuwa na kitabu wala mwalimu, aliweza kwa neno moja kumweleza mwanawe mmea unafananaje, unachanua lini, unafaa kuliwa na nani na utamuua nani. Jina likisahaulika, au likibaki sauti tupu, maelezo hayo nayo huenda nalo.

MENO, MIDOMO NA KWATO

Majina yaliyo mepesi kufumbua ni yale yanayotokana na umbo. 'Dandelion', gugu la maua ya manjano ambalo Waingereza huling'oa kila mwaka katika nyasi za nyumba zao, ni 'dent de lion' ya Wafaransa, yaani jino la simba. Ukilitazama jani lake utaona kingo zilizochongoka mithili ya meno ya mnyama huyo.

Uingereza haina simba wa porini. Simba huyo aliingia katika jina kupitia Kilatini cha waganga wa Ulaya, walioliita 'dens leonis'. Wafaransa wenyewe siku hizi huliita gugu hilo 'pissenlit', jina linalomaanisha kukojoa kitandani, kwa kuwa majani yake huongeza mkojo. Waingereza wa mashambani walikuwa na jina la maana hiyo hiyo. Kwa hivyo mmea mmoja ulibeba majina mawili: moja la kuutambua kwa macho, jingine la kumwonya anayetaka kuutia tumboni.

Kuna pia 'cranesbill', yaani mdomo wa korongo. Maua yakishapukutika, tunda lake hubaki limerefuka na kuchongoka kama mdomo wa ndege huyo. Wataalamu wanaoiita mimea hii Geranium hawajaenda mbali, kwani 'geranos' ni korongo kwa Kigiriki. Hata Pelargonium, maua yanayopandwa katika vyungu kwenye roshani nyingi za Nairobi, yamepewa jina la ndege mwingine wa Kigiriki mwenye mdomo mrefu.

Ua liitwalo 'columbine' linachekesha zaidi. Waingereza waliona ndani yake njiwa watano walioinamisha vichwa pamoja kana kwamba wanakunywa maji, na neno lenyewe limetoka kwa 'columba', njiwa kwa Kilatini. Lakini jina la kisayansi, Aquilegia, aghalabu huelezwa kuwa limetokana na tai, kwa sababu ya vipembe vilivyopinda kama makucha. Ua ni lile lile. Mmoja aliona ndege wa amani, mwingine akaona ndege wa mawindo.

Umbo hata hivyo huweza kumfanya mtu aliamini jina kupita kiasi. 'Coltsfoot', mguu wa mwanafarasi, huitwa hivyo kwa sababu jani lake lina sura ya ukwato. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliutumia kutibu kikohozi, na jina lake la kisayansi, Tussilago, limetokana na neno la Kilatini la kikohozi. Leo inajulikana kwamba mmea huo una kemikali zinazoweza kudhuru ini. Jina lilisema kweli kuhusu jani, lakini halikusema lolote kuhusu ini.

MNYAMA ANAPOKUWA TUSI

Kundi la pili linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mnyama hatajwi kwa sura yake. Anatajwa kwa cheo chake machoni pa binadamu.

Mathalani, Waingereza wana ua la zambarau liitwalo 'violet', ambalo aina yake moja husifika kwa manukato matamu. Aina nyingine inafanana nalo lakini haina harufu yoyote. Hiyo waliiita 'dog violet', yaani violet ya mbwa. Mbwa hali ua hilo wala halifanani naye. Neno 'mbwa' hapo lina maana ya kitu duni, kisicho halisi.

Farasi naye alitumiwa kuonyesha ukubwa na ukali. Mzizi mkali uitwao 'horseradish' ni figili ya farasi, si kwa kuwa farasi huupenda, bali kwa kuwa ni mkubwa na mkali kuliko figili ya mezani. Sisi tungetumia neno 'mwitu', kama tunavyofanya tunaposema bamia mwitu au mbaazi mwitu. Maana inakaribiana: huu unafanana na ule unaoujua, lakini sio.

Tofauti hii inaweza kuwa ya uhai na mauti. Kando ya barabara za mashambani Uingereza huota 'cow parsley', yaani parsley ya ng'ombe. Parsley yenyewe ni majani ya kiungo yanayofanana na dania. Kumtaja ng'ombe kulikuwa njia ya kusema kwamba huu si ule wa jikoni.

Na si onyo la bure. Katika jamii hiyo hiyo ya mimea, yenye maua meupe yaliyotandazwa kama mwavuli, umo pia 'hemlock', ambao sumu yake ndiyo aliyonyweshwa mwanafalsafa Socrates mjini Athens mwaka wa 399 Kabla ya Kristo. Anayeijua mimea hii hutazama shina: la hemlock ni laini na lina madoadoa ya zambarau, ilhali la cow parsley lina vinyweleo na halina madoadoa hayo. Asiyeijua huona maua meupe tu.

CHAKULA CHA NANI, SUMU YA NANI

Kundi la tatu ni la wafugaji. 'Goosegrass', nyasi ya bata bukini, ni mmea unaong'ang'ania nguo za wapita njia, na wafugaji waliwalisha vifaranga wa bata hao. 'Chickweed' ni gugu la kuku, na 'hogweed' lilikuwa lishe ya nguruwe.

Baadhi ya magugu hayo ni majirani zetu. Lile ambalo wanasayansi huliita Sonchus, na ambalo huota Uingereza na pia katika mashamba ya nyanda za juu za Kenya, lina majina ya kienyeji ya Kiingereza yanayomtaja nguruwe jike na mengine yanayoliita saladi ya sungura. Mfugaji wa sungura wa huku kwetu hahitaji kamusi kulielewa jina hilo la pili.

Kinyume cha lishe ni sumu. Waingereza wana neno la kale, 'bane', ambalo maana yake ni muuaji au kiangamizi. Wakiliunganisha na jina la mnyama hupata onyo lisilo na fumbo: 'henbane' ni kiangamizi cha kuku, na 'wolfsbane' ni kiangamizi cha mbwa mwitu.

'Henbane' una kemikali zinazovuruga akili na mapigo ya moyo. Mojawapo, haiosini, ikipimwa vyema na wataalamu hutumika hospitalini hadi leo, ikiwamo kuzuia kichefuchefu cha safarini. 'Wolfsbane' nao ulitiwa katika nyama ya mtego ili kuwaua mbwa mwitu waliovamia mifugo. Mbwa mwitu walitoweka Uingereza karne kadhaa zilizopita. Adui ameondoka, lakini sumu bado ipo bustanini, na jina ndilo pekee linalokumbusha ilikuwa ya kazi gani.

Lakini tusidhani kwamba wahenga hawakukosea. Mmea uitwao 'viper's bugloss' una jina la nyoka wa jamii moja na moma. Tangu enzi za tabibu Mgiriki Dioscorides, katika karne ya kwanza, watu waliamini kwamba unatibu sumu ya nyoka. Baadaye Ulaya ilienea imani kwamba Mungu alitia kila mmea alama ya ugonjwa unaoutibu, na wengi wakaona kichwa cha nyoka katika mbegu zake. Aliyeumwa na nyoka akategemea mmea huo alikuwa anapoteza wakati.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa 'dog rose', waridi la mbwa. Tangu enzi za Warumi ilisemekana kwamba mzizi wake humponya aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Haumponyi. Hata hivyo, matunda yake mekundu yana vitamini C kwa wingi, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, matunda kutoka nje yalipoadimika, watoto wa Uingereza walitumwa vichakani kuyachuma ili yatengenezewe sharubati ya kuwakinga watoto wachanga na maradhi. Jina lilielekeza watu kwenye mzizi, kumbe faida ilikuwa katika tunda.

GLAVU ILIYOTIBU MOYO

Labda hakuna jina linalodhihirisha uzito wa suala hili kuliko 'foxglove', glavu ya mbweha. Ni mmea mrefu wenye maua ya zambarau yanayoning'inia kama vidole vya glavu. Wapo wanaodai kwamba mbweha aliingia kwa makosa, na kwamba jina lilihusu glavu za majini. Maandishi ya kale hayakubaliani nao. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Waingereza waliandika 'foxes glofa', na mbweha yumo waziwazi.

Mwaka wa 1542 mtaalamu Mjerumani, Leonhart Fuchs, aliupa mmea huo jina la Kilatini, Digitalis, akifuata jina la Kijerumani linalomaanisha kastabini, kile kifuniko cha kidole cha fundi wa kushona. Kwa sadfa, jina lake mwenyewe, Fuchs, ni mbweha kwa Kijerumani.

Mnamo 1775 daktari Mwingereza, William Withering, aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya siri ya mama mmoja mzee wa eneo la Shropshire. Mama huyo aliwatibu watu waliovimba mwili kwa maji, wakati mwingine baada ya madaktari kushindwa. Dawa yake ilikuwa mchanganyiko wa mitishamba ipatayo 20. Withering, aliyeijua mimea vyema, alitambua kwamba kati ya hiyo yote iliyofanya kazi ilikuwa glavu ya mbweha.

Alitumia takriban miaka kumi kuchunguza kipimo kinachofaa, kwa maana mmea huo huua kwa wepesi, na mwaka wa 1785 akachapisha kitabu kuhusu wagonjwa aliowahudumia. Mwaka wa 1930 dawa ya digoksini ilitengwa kutoka kwa mmea wa jamii hiyo hiyo. Mpaka sasa madaktari huitumia kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo, na bado hupima kwa uangalifu mkubwa, kwani nafasi kati ya kipimo cha kuponya na cha kudhuru ni finyu.

Lau mama yule asingaliujua mmea wake, Withering asingalikuwa na la kuchunguza. Na lau daktari asingalichunguza, elimu ya mama huyo ingalibaki katika chungu kimoja kijijini. Hekima ya kienyeji na maabara hazikugombana hapo. Moja ilionyesha njia, nyingine ikapima urefu wake.

KALENDA INAYOTUFIKIA AFRIKA

Majina mengine yalikuwa kalenda. Waingereza wana ua la rangi ya waridi iliyofifia liitwalo 'cuckooflower', ua la kekeo. Kekeo ni ndege yule mwenye tabia ya kutaga mayai katika viota vya ndege wengine. Ua hilo huanza kuchanua mwezi wa Aprili, wakati ambapo sauti ya kekeo husikika kwa mara ya kwanza baada ya baridi. Vivyo hivyo, 'celandine' limetokana na neno la Kigiriki la mbayuwayu, kwa kuwa lilichanua ndege huyo alipowasili.

Kekeo huyo hutoka wapi? Kwa muda mrefu wanakijiji wa Uingereza hawakuwa na jibu. Tangu 2011 watafiti wa ndege nchini humo wamekuwa wakiwafunga kekeo vifaa vidogo vinavyofuatiliwa kwa setilaiti, na imebainika kwamba ndege hao huvuka Jangwa la Sahara na kupitisha miezi ya baridi katika misitu ya bonde la Mto Kongo. Ua la kando ya kijito cha Uingereza, basi, limebeba jina la msafiri anayeishi nusu ya maisha yake barani Afrika.

Lakini kalenda hiyo inayumba. Tangu 2009 kekeo amewekwa katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza walio katika hali mbaya zaidi. Na utafiti uliotolewa 2022 na Chuo Kikuu cha Cambridge, uliopitia kumbukumbu zaidi ya 400,000 za aina 406 za mimea, ulionyesha kwamba tangu 1987 mimea ya Uingereza imekuwa ikichanua karibu mwezi mmoja mapema kuliko ilivyokuwa kabla ya hapo, kwa sababu ya ongezeko la joto. Ua na ndege walioitana kwa jina moja huenda wakakosa kukutana.

NENO LIKITOKA KATIKA KAMUSI

Malisho yenyewe nayo yamekwisha. Inakadiriwa kwamba Uingereza na Wales zilipoteza asilimia 97 ya malisho yao ya maua ya mwituni kati ya miaka ya 1930 na 1984, yalipolimwa au kumwagiwa mbolea za viwandani. 'Cowslip', ambalo zamani lilichumwa kwa vikapu, likawa adimu katika sehemu nyingi.

Na mmea ukitoweka machoni, neno nalo hulegea. Mwaka wa 2007 toleo jipya la kamusi ya watoto ya Oxford liliacha maneno kadhaa ya maumbile, yakiwamo cowslip na dandelion, huku maneno kama 'blog' na 'broadband' yakiingizwa. Wahariri wa kamusi hufuata matumizi, na hoja yao ina mashiko: kamusi ndogo haiwezi kubeba yote. Hata hivyo, mnamo 2015 waandishi 28, miongoni mwao Margaret Atwood, waliandika barua ya wazi kulalamika. Mwaka wa 2017 mwandishi Robert Macfarlane na mchoraji Jackie Morris walitoa kitabu The Lost Words, kilichoyarudishia watoto baadhi ya maneno hayo.

Waingereza walau walikuwa na akiba. Kati ya 1878 na 1886 James Britten na Robert Holland walichapisha kamusi ya majina ya mimea kama yalivyotamkwa vijijini, na mwaka wa 1955 Geoffrey Grigson akatoa kitabu kikubwa kilichopanga majina ya kila wilaya. Neno likitoka katika kinywa cha mtoto, bado lipo mahali pa kulitafuta.

Na sisi? Kenya haijakaa mikono mitupu. Kitabu cha Henk Beentje kuhusu miti na vichaka vya Kenya, kilichotolewa 1994, kimeorodhesha majina kwa lugha zetu nyingi. Lakini orodha hutoa jina tu. Mara chache hueleza kwa nini mmea ukapewa sikio la mnyama fulani au mkia wa mwingine, nani alikatazwa kuugusa, na ulichumwa mwezi gani. Maelezo hayo hayamo vitabuni. Yamo vichwani mwa wazee.

Mpenzi msomaji, utakapoenda ushago likizo ijayo, chukua daftari. Mwombe nyanya akutembeze kando ya shamba, akutajie kila gugu analolijua, na kila atakapomtaja mnyama umuulize sababu. Usitosheke na jina. Yule mfasiri wetu wa mwanzo alikuwa na jina zima mbele yake, na bado aliona mdomo palipokuwa na samadi.